Nani Ameusoma Mkataba wa Dawa Yako?

Tuseme wewe ni mama wa Kigera. Usiku kucha mtoto amekohoa, na alfajiri umeona mbavu zake zikibonyea kila avutapo pumzi. Umemfunga mgongoni, umekwenda zahanati, umekaa kwenye benchi mpaka zamu yako imefika. Mganga amempima vizuri, kisha ameandika karatasi: nimonia, apewe amoksilini. Mtoto hajatimiza miaka mitano, kwa hiyo kwa kanuni ya Serikali hutozwi kitu. Unaipeleka karatasi dirishani kwa moyo mkunjufu. Yule binti wa dawa anaitazama, anatikisa kichwa. "Mama, dawa hii hakuna. Kanunue dukani mjini."

Basi sasa wahesabu: nauli ya kwenda Musoma na kurudi, bei ya dawa, na dagaa ulizoanika jana ambazo hakuna wa kuziangalia mvua ikija. Mtoto aliyepaswa kutibiwa bure amekuwa mzigo wa siku nzima na fedha ya juma zima.

Mara nyingi hapo ndipo tunapomgombeza yule binti. Lakini yeye hana kosa. Hakuna dawa aliyoificha. Nyuma ya neno lake "hakuna" zipo karatasi zilizotiwa sahihi mbali sana na Kigera: nani atanunua dawa, kwa bei gani, atazileta lini, na asipozileta afanywe nini. Karatasi hizo huitwa mikataba. Leo nataka tukae tuzungumze juu ya mikataba hiyo, ambayo kwayo Serikali huwakabidhi watu wengine sehemu ya kazi ya kuwatibu wananchi, na juu ya watu wanaobisha hodi kwa wakubwa ili mikataba na sheria ziandikwe wanavyotaka wao.

Huenda utasema, "Hayo ni mambo ya Dodoma, mimi ni mkulima." Sivyo, ndugu yangu. Anayeumwa ndiye mwenye kesi.

DAWA HUSAFIRI KWA NJIA GANI

Twaanza na dawa, maana ndiyo jambo lililo karibu nawe. Katika Tanzania dawa za vituo vya umma huletwa na Bohari ya Dawa, chombo cha Serikali kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Zahanati hupeleka maombi yake, na Bohari hupeleka mzigo. Lakini kwa miaka mingi Bohari imekuwa ikikosa baadhi ya dawa. Zamani mganga aliyekosa dawa Bohari ilimbidi azunguke madukani kutafuta bei, aandike barua, angoje kibali, na wakati huo wagonjwa wakirudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka 2014, mkoani Dodoma, kwa msaada wa Waswisi, ulijaribiwa utaratibu mpya. Uliitwa Jazia, na jina lenyewe laeleza kazi yake: kujazia pengo. Mkoa mzima huchagua kwa zabuni mfanyabiashara mmoja wa dawa, anayeitwa mshitiri. Kituo huomba kwanza Bohari. Bohari ikiandika kwamba dawa fulani haina, ndipo maombi hupitia kwa mfamasia wa wilaya na kwenda kwa mshitiri, naye huleta kwa bei iliyokwisha kuandikwa katika mkataba. Fedha hutoka katika mfuko wa kituo chenyewe. Dodoma ikapata nafuu. Dawa zikaonekana zaidi kuliko zamani. Utaratibu ukapelekwa Morogoro na Shinyanga, na mwaka 2018 ukaenezwa nchi nzima, na Mara yetu humo.

Angalia vizuri jambo hili, msomaji. Mshitiri ni mfanyabiashara, anatafuta faida yake, wala si dhambi. Kilichofanya mpango huo usaidie watu ni kwamba bei ziliandikwa mapema, dawa zilitajwa moja moja, na kila kituo kilijua kiulize wapi. Mahali ambapo mganga hakuagiza kwa wakati, au mfuko wa zahanati ulikuwa mtupu, au mshitiri alichelewa na hakuna aliyemwandikia, pengo lilibaki pengo. Mkataba hauwezi kujisimamia wenyewe.

JINSI TULIVYOFIKA HAPA

Vijana wengi hawakumbuki, lakini wazee wajua kwamba mambo hayakuwa hivi siku zote. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Serikali ilichukua mzigo wa kutibu watu, na matibabu katika vituo vyake yakawa bure. Mwaka 1977 ilitungwa sheria iliyozuia watu binafsi kufanya biashara ya hospitali. Hospitali za dini na mashirika yasiyotafuta faida ziliachwa ziendelee.

Nia ilikuwa njema: mgonjwa asigeuzwe bidhaa. Lakini miaka ya 1980 uchumi ulianguka. Zahanati zilijengwa vijijini zikakosa dawa na hata karatasi za kuandikia. Sisi wa Mara tulikuwa na mfano wetu hapa Musoma: hospitali kubwa ya Kwangwa, ambayo ujenzi wake ulianza miaka ya 1970, ukakwama kwa miongo kadhaa, majani yakaota, mpaka kazi ilipoanzwa upya wakati wa Rais Magufuli. Basi mtu asikudanganye kwamba kila kilichofanywa na Serikali peke yake kilikwenda sawa.

Mwaka 1991 sheria ilibadilishwa, na madaktari na wafanyabiashara wakaruhusiwa tena kufungua hospitali zao. Mwaka 1993 ilianza kanuni ya wagonjwa kuchangia gharama katika hospitali za Serikali, katika siku ambazo Benki ya Dunia na wakopeshaji wengine walikuwa wakizishauri nchi zetu zifanye hivyo. Kidogo kidogo kazi nyingine nazo zikaanza kutolewa kwa makampuni. Leo katika hospitali nyingi kubwa anayepiga deki sakafu na anayelinda lango si waajiriwa wa hospitali, bali wa kampuni iliyopewa zabuni. Mwaka 2010 ikatungwa sheria ya ubia kati ya Serikali na watu binafsi, na ubia huo waweza kuingia katika shughuli nyingi, afya ikiwamo.

MKATABA WA BUGANDO

Lakini sisi Wakatoliki tusisimame pembeni kana kwamba jambo hili latuhusu kama wagonjwa tu. Kanisa nalo lina mikataba na Serikali.

Nani katika Mara hajapata kusikia, "Amepelekwa Bugando"? Hospitali ile ya Mwanza ilijengwa na Kanisa, ikafunguliwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata, 1972, Serikali iliitaifisha. Mwaka 1985 ilirudishwa mikononi mwa Maaskofu kwa mapatano: Kanisa liiendeshe, na Serikali isaidie kwa mishahara na ruzuku, nayo iendelee kuwa hospitali ya rufaa ya watu wote wa Kanda ya Ziwa, wa dini yo yote. Vivyo hivyo ndugu zetu Wamenoniti, waliofika Shirati mwaka 1934, hospitali yao imekuwa hospitali teule: Serikali imeitumia kama hospitali ya wilaya badala ya kujenga nyingine kando yake. Na mwaka 1992 Kanisa Katoliki na makanisa ya Kiprotestanti yaliunda tume yao ya pamoja ya huduma za jamii, CSSC, iyasemee mbele ya Serikali katika mambo ya shule na hospitali.

Hiyo nayo ni kazi iliyokabidhiwa kwa mkataba. Na kubisha hodi huko nako ni kubisha hodi. Tukitaka kupima mizigo ya wengine, yatupasa kuweka na wetu kwenye mizani ile ile.

Ukiupima, waona mambo mawili. Zuri lake ni kwamba hospitali hizo hazigawi faida kwa wenye hisa; kinachopatikana hurudi katika vitanda na dawa. Upungufu wake ni kwamba maneno ya mkataba yaweza kuwa mazuri na fedha zikachelewa. Mkataba wasema mama mjamzito na mtoto mchanga watibiwe bure, ruzuku haijaja, umeme lazima ulipwe. Hapo hospitali teule nyingi zimejikuta zikitoza watu ambao hazikupaswa kuwatoza. Msalaba ulio juu ya paa haulipi ankara. Kwa hiyo hata mkataba wetu sisi, Wakristo, wahitaji macho ya kuutazama.

MASHINE ZA JIRANI ZETU

Sasa tuvuke mpaka wa Sirari tuwatazame jirani zetu wa Kenya, maana yaliyowapata ni funzo kubwa.

Mwaka 2015 Serikali ya Kenya iliingia mikataba na makampuni makubwa ya vifaa vya tiba, kati yao General Electric ya Marekani, Philips ya Uholanzi na Mindray ya China. Makampuni yangeleta mashine za picha, za kusafisha damu ya wenye ugonjwa wa figo, vifaa vya vyumba vya upasuaji na vya wagonjwa mahututi. Serikali haikuzinunua, ilizikodi kwa miaka 7, kwa shilingi za Kenya bilioni 38. Zilipangwa kwenda hospitali 98: mbili katika kila moja ya kaunti 47, na nne za taifa.

Tuseme kweli: liko jema lililopatikana. Wagonjwa wa figo waliokuwa wakisafiri mpaka Nairobi kusafishwa damu, wengine waliweza sasa kutibiwa katika kaunti zao. Mtu aliyempoteza ndugu kwa ugonjwa huo hawezi kulidharau jambo hilo.

Lakini baadaye malalamiko yalianza. Fedha zilikatwa sawasawa kwa kila kaunti, kubwa na ndogo, yenye mashine hizo tayari na isiyo nazo. Mwanzo ilikuwa shilingi milioni 95 kwa mwaka kwa kila kaunti. Mwaka 2018 ikawa milioni 200. Magavana, ambao hospitali ziko chini yao, walinung'unika kwamba yaliyomo katika mikataba hawakuyaona vizuri. Katika hospitali nyingine mashine zilikaa katika masanduku: hapa umeme hautoshi, pale maji hakuna, kwingine hakuna mtaalamu wa kuziendesha. Kodi yake ikaendelea kukatwa. Baraza la Seneti likaunda kamati ya kuchunguza, nayo ilitoa taarifa yake mwaka 2020 ikiukosoa mpango huo vikali.

Jiulize: kosa lilikuwa wapi? Mashine zilikuwa mashine kweli. Kosa ni kwamba kabla ya kutia sahihi hawakuulizwa vya kutosha wale ambao mashine ingekaa mezani kwao. Muuguzi wa hospitali ya mbali angewaambia kwa neno moja: "Mabwana, hapa hatuna umeme wa uhakika. Tuleteeni kwanza umeme." Muuguzi huyo hakuwamo chumbani.

Miaka michache baadaye jirani zetu walibadili bima yao ya afya, na kazi ya kujenga mfumo wa kompyuta wa kuiendesha ikapewa kundi la makampuni kwa mkataba wa zaidi ya shilingi za Kenya bilioni 100. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa hesabu wa Kenya aliandika kwamba Serikali haikuwa mwenye mfumo huo wala haikuutawala. Ni kama kijiji kichange fedha za kisima, kisha kisikie kwamba ufunguo wa pampu utakaa kwa fundi.

MLANGO WA KUTOKEA

Je, mambo haya ni ya Afrika tu? La.

Uingereza, tangu Julai 1948, watu hutibiwa kwa fedha za kodi, na Waingereza wengi hujivunia mpango huo kuliko jambo jingine la nchi yao. Hata hivyo, mwaka 2012 hospitali moja ya Serikali iliyokuwa imezama katika madeni, Hinchingbrooke, ilikabidhiwa kampuni iitwayo Circle iiendeshe kwa miaka 10. Ilikuwa mara ya kwanza hospitali nzima ya namna hiyo kutolewa hivyo. Mwanzoni sifa zilikuwa nyingi. Januari 2015, kabla hata ya miaka mitatu kutimia, kampuni ilitangaza kwamba inaondoka, maana fedha haziingii kama ilivyotarajia. Je, iliweza kuondoka hivi hivi? Naam. Mkataba wenyewe uliipa ruhusa: hasara yake ikizidi pauni milioni 5, yaweza kwenda zake. Mwezi Aprili mwaka huo hospitali ikarudi mikononi mwa Serikali.

Mwenye duka akipata hasara hufunga duka. Hospitali haiwezi kufungwa, kwa kuwa wagonjwa hawafungi kuugua. Kwa hiyo katika kila mkataba wa namna hii, hata ukionekana mtamu namna gani, uliza: mlango wa kutokea uko wapi, na ni nani atakayebaki na wagonjwa siku kampuni itakapoutumia? Mara zote jibu ni Serikali, maana yake ni wewe mlipa kodi.

Na uliza jingine: malipo yatakua kwa kasi gani? Nchi ya Lesotho, ndogo na yenye milima, ilifungua mwaka 2011 hospitali nzuri katika mji wake mkuu, iliyojengwa na kuendeshwa na kundi la makampuni likiongozwa na Netcare ya Afrika Kusini. Matibabu yaliboreka kweli. Lakini mwaka 2014 shirika la Oxfam lilitoa hesabu kwamba hospitali hiyo moja ilikuwa ikimeza nusu ya fedha zote za afya za nchi. Wako walioipinga hesabu hiyo. Lakini ugomvi juu ya malipo haukwisha, na mwaka 2021 mkataba ulivunjwa kabla ya miaka yake 18 kutimia. Fikiri zahanati za milimani zilizokuwa zikingoja fungu lao muda wote huo.

WABISHA HODI

Sasa tuje kwa wale wanaobisha hodi. Mtu mwenye mali au kazi inayoguswa na sheria hatangoji sheria itoke ndipo alie. Huenda mapema kwa waziri, kwa wabunge, kwa makatibu; huandika maoni, huonyesha hesabu zake, hualika watu kwenye semina. Kazi hiyo siku hizi huitwa ushawishi. Wengine huifanya wenyewe, wengine huajiri watu hodari wa maneno. Nchini Marekani wako wengi mno, hata sheria ya mwaka 1995 ikawalazimisha wanaolipwa kwa kazi hiyo wajiandikishe na kutangaza wanamsemea nani.

Kubisha hodi kwenyewe si kosa. Mwenye hospitali ajua gharama ambazo mbunge hazijui, na sheria iliyoandikwa bila kumsikia yaweza kuharibu. Kosa huingia kwa njia mbili: hodi ikibishwa usiku, yaani kwa siri na bahasha, au wabisha hodi wakiwa wa upande mmoja tu.

Tumeyaona hayo kwetu juzi tu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, hulipa hospitali kwa kila mwanachama zinayemtibu. Mwishoni mwa 2023 Mfuko ulitangaza orodha mpya ya huduma na bei, iitwayo kitita, na baada ya kuahirishwa kidogo kikaanza kutumika tarehe 1 Machi 2024. Hospitali binafsi, kwa chama chao kiitwacho APHFTA, zilisema bei hizo ni chini ya gharama. Mfuko nao ulisema lazima ujilinde, maana ukifilisika hakuna atakayetibiwa. Siku ile kitita kilipoanza, baadhi ya hospitali kubwa ziliacha kupokea kadi za Mfuko. Wazee wastaafu na akina mama waliofika mlangoni na kadi halali mkononi waliambiwa walipe taslimu au waende kwingine.

Sisemi nani alikuwa na haki katika hesabu. Huenda kila upande ulikuwa na sehemu ya haki. Nasema tu: hospitali zilikuwa na chama cha kuzisemea, Mfuko ulikuwa na wakurugenzi na Wizara. Mwenye kadi alikuwa na nani? Habari aliipata mlangoni.

Nalo jambo kubwa zaidi liko mbele yetu. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulifikishwa Bungeni mwaka 2022, ukaahirishwa kwa kuwa wengi waliuliza fedha za kuwalipia maskini zitatoka wapi, kisha ukapitishwa Novemba 2023. Tazama: swali lile la maskini liliuchelewesha muswada mzima. Maana yake kuuliza kwafaa. Sheria hiyo itazaa kanuni nyingi na mikataba mingi: nani atakusanya michango, nani atatunza kompyuta, hospitali zipi zitalipwa na kwa bei gani. Kila mmoja wa mikataba hiyo utakuwa na wabisha hodi wake.

KITI CHAKO KIKO WAPI?

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Sasa utaniuliza, "Nifanyeje? Niende Dodoma na nauli ya nani?" Hapana. Anza na kiti ulichokwisha kupewa, kilicho karibu na nyumba yako, ambacho labda kina vumbi.

Kila zahanati ya umma hutakiwa kuwa na kamati ya usimamizi. Ndani yake wamo wajumbe wanaotoka kwa wananchi wenyewe, na mganga mfawidhi ndiye katibu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, bila kukaa wilayani. Kamati ndiyo inayopaswa kupitisha mpango wa kuzitumia. Kwa maneno mengine, watu wa kwenu, wanaovua ziwa lile lile na kulima mihogo ile ile, wana sauti katika kuamua kama amoksilini itaagizwa kabla haijaisha.

Lakini mara nyingi mambo huwaje? Mjumbe huchaguliwa kwa sababu ni mkubwa wa umri au ana baiskeli. Hahudhurii. Muhtasari huletewa nyumbani atie sahihi, naye hutia bila kusoma, akiona haya kuuliza. Akina mama, ambao ndio wanaokaa kwenye benchi la zahanati kila juma, hawamo. Kisha dawa zikikosekana kijiji chote chashangaa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hutakiwa kuitishwa walau kila miezi mitatu, ukifika, usikae nyumbani. Nenda, simama kwa adabu, uulize maswali manne haya:

Kwanza, wajumbe wa kamati ya zahanati yetu ni akina nani, na wamekutana mara ngapi mwaka huu?

Pili, fedha zilizoingia katika akaunti ya zahanati ni kiasi gani, na zimenunua nini?

Tatu, dawa zilizokosekana ziliombwa lini Bohari, na Bohari ilipojibu kwamba haina, ziliombwa lini kwa mshitiri?

Nne, mtu mwingine ye yote aliyepewa zabuni hapa, awe wa dawa, wa jengo au wa kusafisha choo, mkataba wake wasema nini, na ni nani aliyehakikisha kazi yake?

Usiulize kwa hasira, wala usimfanye mganga adui. Mara nyingi yeye mwenyewe ameandika maombi mara tatu, na atashukuru akiona kijiji kizima kiko nyuma yake anapopiga simu wilayani. Kijiji kikiandika barua pamoja, ikiwa na tarehe za maombi na majina ya dawa, mfamasia wa wilaya ana silaha ya kumbana mshitiri anayechelewa. Diwani ana neno la kusema katika baraza la halmashauri. Mbunge akija kuomba kura ataulizwa kwa hesabu, si kwa manung'uniko.

Na ninyi mlio na watoto waliosoma, wapeni kazi. Kijana wa kidato cha nne aweza kuwasomea bibi na babu yake karatasi iliyobandikwa ukutani mwa zahanati, na kunakili tarehe katika daftari. Elimu mliyomlipia ng'ombe itumike nyumbani kwanza.

Wenye makampuni watazidi kuja, na wengine wataleta vitu vyema. Tusiwafukuze kabla hawajasema. Lakini kabla ya sahihi, waketi nasi, na karatasi isomwe kwa sauti, kwa lugha ambayo yule mama wa Kigera aifahamu. Mtoto aliye mgongoni mwake hawezi kungoja mpaka mkataba mwingine uandikwe. Uliza leo mkutano wa kijiji chako uko tarehe ngapi, uandike tarehe hiyo, na siku hiyo uwahi kufika.